Safari ya Kumrudisha Theresia

Juni 5, Jumatano

Daftari hili lilikuwa la Lucy, mjukuu wangu, la jiografia. Amemaliza kidato cha nne, amekwenda Dodoma kwa shangazi yake, ameacha kurasa safi zaidi ya nusu. Mtoto amesomeshwa kwa kuku wangu, halafu anaacha karatasi kama zinaota porini. Mimi niliishia darasa la nne lakini herufi zote ninazo. Nitaandika mpaka lijae.

Leo tumekata vichwa vya alizeti kwa jirani yangu Theresia. Kesho kwangu.

Juni 6

Kwangu. Upepo mkavu, midomo imepasuka.

Juni 8, Jumamosi

Tumemaliza kukata. Tulikaa kando ya lundo tupumzike. Theresia akavua kandambili, akaanza kukung'uta mchanga ambao haukuwemo. Nikajua ana neno.

"Stanley ananitaka Ukerewe," akasema.

"Kufanya nini?"

"Kukaa."

"Siku ngapi?"

"Kukaa, Rebeka. Kuhamia."

Stanley ni mwanawe wa pekee, mwalimu wa sekondari huko kisiwani, ana mke na watoto wawili. Anasema mama yake ameshakuwa mtu mzima, goti linamsumbua, na kutoka kwake mpaka kisimani ni mwendo wa kumchosha hata punda. Hapo hajasema uongo.

"Wewe umemjibu nini?"

"Nimemwambia nije kwanza nione. Shule zimefungwa, ana nafasi. Ametuma nauli ya watu wawili, hataki nisafiri peke yangu."

Mimi na Theresia tuliolewa kijiji hiki mwaka mmoja. Miaka arobaini na tatu shamba lake limepakana na langu, na hatujawahi kuvuna kila mtu na lake. Mimi napiga vichwa kwa fimbo kwa kuwa nina mkono mzito. Yeye anapepeta, kwa kuwa kuanzia hapa mpaka Ikungi hakuna mwanamke anayeujua upepo kama yeye. Akiondoka, nipige mimi nipepete mimi? Na jioni nikakae na nani, na mbuzi?

Nikamwambia nitamsindikiza. Alinishukuru mara tatu. Hajui kwamba naenda kumrudisha.

Juni 11, Jumanne

Mwanangu Mughwai nimemwachia malundo yote mawili ayalinde na mbuzi. Nimemweleza mara mbili. Akasema, "Mama, nina miaka arobaini." Nikamweleza mara ya tatu.

Nimejaza madumu mawili ya maji ya kisima. Theresia akauliza ya nini. Nikamwambia ya kunywa, tunakwenda katikati ya ziwa. Akasema Stanley kamwambia maji yapo. Nikamwambia ziwa mimi nalijua, nimezaliwa Singida. Pale mjini tuna maziwa mawili, na hata mbuzi akifika ukingoni anageuza shingo kwa ile chumvi. Stanley amekaa huko miaka tisa, ulimi wake umekufa. "Beba dumu lako," nikamwambia. Akabeba.

Juni 12, Jumatano

Mwanza, nyumba ya wageni. Mgongo hauna hali.

Tulipandia basi Singida mjini asubuhi. Konda alitupokea tenga la kuku bila shikamoo, nikamrudisha chini aanze upya. Akaanza upya. Tulipofika Nzega akashuka baba mmoja mwenye godoro jipya, akakuta linachuruzika. Kizibo cha dumu moja kilikuwa kimeachia ndani ya buti.

"Bibi," konda akaniuliza, "haya maji ulikuwa unayapeleka wapi?"

"Ukerewe."

Akaita ndani ya basi, "Jamani, kuna bibi anapeleka maji ziwani." Wakacheka mpaka Tinde. Baba wa godoro nilimwambia alianike, jua la Nzega halina mchezo. Theresia alikuwa amegeukia dirishani, mabega yanatikisika. Nikadhani analia, nikampa leso. Akazidi.

Juni 13, Alhamisi

Leo tumeachwa na kivuko. Bandarini kulikuwa na mageti mawili. Theresia akasema letu ni lile lenye watu. Nikamwambia anyamaze, watu wengi hawajawahi kunionyesha njia. Tukasimama kwenye geti nililochagua, mimi na yeye na kuku wawili, karibu saa nzima. Akaja mlinzi.

"Shikamoo bibi. Mnangoja nini?"

"Marahaba. Kivuko."

"Hapa tunapakia saruji."

Wakati huohuo honi ikalia upande wa pili, chombo kikaondoka na wale watu wengi. Tulikalia madumu yetu mpaka cha mchana. Theresia hakunilaumu hata kwa jicho. Ana tabia nzuri hiyo.

Ndani ya kivuko kuku mmoja akataga. Mimi nilishika chuma cha ukingo mpaka Nansio, sikukiachia. Stanley alitupokea, amenenepa. Nyumba yake iko hatua hamsini kutoka majini. Wakati wanaingiza mizigo nilishuka peke yangu, nikachovya kidole, nikalamba.

Maji matamu.

Nilichukua dumu lililobaki nikalimwaga nyuma ya choo. Theresia sikumwambia kitu.

Juni 14, Ijumaa

Nimeanza kutafuta kasoro. Wadudu wa ziwani wanatoka kama moshi, ukifungua mdomo umekula. Nguo hazikauki. Samaki analetwa mezani na kichwa chake, anakutazama unavyomla.

Mke wa Stanley anaitwa Flora. Anapiga goti kuamkia, anapika vizuri, haongei hovyo. Nimemchunguza siku nzima nipate lawama. Sijapata, na hilo halinisaidii.

Juni 15

Samaki.

Juni 16, Jumapili

Kanisani wameimba Kikerewe. Theresia hakuelewa neno moja lakini alipiga makofi kama amelipwa. Jioni samaki.

Juni 17, Jumatatu

Kukaa bure kunaniuma kuliko kulima. Nimepalilia mihogo ya Flora mistari minne. Akaja mbio. "Mama Mughwai, pumzika jamani." Nikamwambia nimepumzika jana. Nimepanga vyombo vyake upya, nimemwonyesha jirani yake namna ya kufunga mbuzi.

Theresia anateremka ziwani na ndoo ndogo mara tatu kwa siku. Hakuna aliyemtuma, mapipa yamejaa. Anasimama na maji kwenye vifundo, anatazama. Goti hajalitaja tangu tufike. Nimemuuliza usiku wa kwanza alilalaje, akasema alilala kama jiwe.

Kuna hospitali karibu. Kuna kisima cha bomba, kuna ziwa, kuna wajukuu. Kila nikitafuta kasoro nakuta mtu anacheka.

Juni 19, Jumatano

Stanley ametutembeza. Alisema kuna kisiwa kingine mbele, Ukara, kina jiwe watu wanatoka mbali kulitazama. Nikamuuliza, jiwe? Akasema jiwe, mama. Sisi Singida mawe yanakaa hadi uani. Kuna mengine makubwa kuliko kanisa, tunaanikia mtama juu yake. Mtu anatutoa huko, anatupandisha basi na vivuko viwili, atuonyeshe jiwe. Lakini Theresia alikuwa ameshavaa kitenge cha Pasaka.

Nilitapika mara mbili njiani. Mara ya kwanza nilikosea upande wa upepo.

Jiwe lenyewe limekaa juu ya mawe mengine karibu na maji. Wanasema linacheza. Mzee anayelitunza alisema maneno yake, akatuambia tuimbe na tupige makofi, bila dharau. Wenyeji wakaimba. Theresia akaimba. Mimi nilipiga makofi kwa heshima ya mzee.

"Limetikisika," Theresia akasema.

"Halijatikisika."

"Rebeka, limetikisika. Upande ule wa kushoto."

"Ni wewe unatikisika. Goti hilo."

Siku zote nikisema hivyo Theresia hucheka, kisha anasema labda. Leo hakucheka. Alisogea akasimama mbele yangu.

"Nimeliona kwa macho yangu," akasema. "Wewe ulikuwa unamtazama yule mama mwenye mtoto uone kama kamfunga sawa. Hukutazama jiwe."

Ni kweli, mtoto alikuwa amefungwa vibaya, kichwa kinaning'inia. Lakini nilimwambia mawe hayatikisiki. Akaniambia, "Basi. Lako halikutikisika. Langu limetikisika." Akaenda kukaa na mzee wa jiwe, wakaongea muda mrefu. Stanley alikuwa anachora chini kwa kijiti kama mtu asiyesikia.

Kurudi alikaa upande mwingine wa kivuko.

Juni 20

Mvua ndogo, upepo. Theresia anajibu ninapomuuliza. Asipoulizwa hasemi.

Juni 21

Kama jana. Nimeosha sufuria zote za Flora, hata zilizokuwa safi.

Juni 22, Jumamosi

Hili nitaliandika lote.

Asubuhi Theresia aliniita tushuke majini tukaoshe vyombo. Flora alitaka kutunyang'anya, Theresia akamwambia leo atuachie. Tukachutama kwenye mawe. Akasugua sahani moja mpaka nikadhani ataitoboa.

"Nataka kurudi nyumbani," akasema.

Sahani yangu ilianguka majini, nikaikamata. Siku kumi natafuta kasoro za kisiwa hiki, na yeye ananipa jibu mkononi. Nilipaswa kufurahi. Sijui kwa nini nikaanza kubisha.

"Goti je?"

"Linauma."

"Hujalitaja."

"Nikilitaja Flora ananinyang'anya hata ufagio. Nikishika kisu, mama kaa. Nikishika jembe, mama pumzika. Wewe wanakuacha kwa sababu wanakuogopa. Mimi nimewekwa kwenye kiti kama picha ya marehemu."

"Unashuka majini mara tatu kwa siku. Nilidhani umependa."

"Nashuka ili nipate pa kwenda."

Akatazama ziwa. Akasema upepo wa huku hauna akili, asubuhi unatoka hapa, mchana unatoka kule, hajui hata angepepetea wapi. Akasema watoto wa Stanley anawapenda, na Flora hana kosa, na hilo ndilo linalomshinda. Angekuwa na kosa angeondoka kwa hasira. Sasa ataondokaje?

Nikamuuliza, "Na ukibaki huko kijijini ukafa peke yako ndani?"

"Nitakuwa nimekufa, Rebeka. Haitakuwa kazi yangu tena."

Kisha akanishika mkono, mkono wake una sabuni. "Kamwambie Stanley. Sema wewe. Sema hali ya hewa hainifai, sema lolote. Umezoea kugombana na watu, yeye hatashangaa."

Nilikuwa na maneno yote tayari. Ningemaliza kazi kabla uji haujapoa. Stanley angenikasirikia mimi, mama yake angebaki mwema, tungepanda kivuko Jumatatu. Ndicho kilichonileta. Lakini niliona goti lake limevimba juu ya lile jiwe. Nikaona kwamba nikisema mimi, siku atakayoanguka njiani na ndoo, itakuwa ni mimi niliyemwangusha.

"Sisemi," nikamwambia. "Mdomo unao."

Theresia akaachia mkono wangu. Katika miaka yote sijawahi kumsikia akipaza sauti. Leo wavuvi waligeuka.

"Unao wewe. Miaka arobaini na tatu unao wewe. Alizeti tupande lini, wewe. Kitenge cha kwaya rangi gani, wewe. Mume wangu azikwe saa ngapi, wewe. Dumu nibebe, geti la saruji nisimame, nyamaza Theresia. Mpaka macho yangu unaniambia yameona nini. Leo mara moja nakuomba unisemee, unanirudishia mdomo?"

Nilisuuza sahani iliyokwisha kusuuzwa.

"Nilikuja kukurudisha," nikasema mwisho.

"Nilijua tangu siku ya madumu."

"Sasa kwa nini ulinichukua?"

"Nauli ilikuwa ya watu wawili."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akapanga sahani kwenye beseni, akaweka beseni kichwani, akapanda bila kunisubiri. Hatua hamsini, alisimama mara mbili kwa lile goti. Sikuthubutu kumpokea.

Juni 23, Jumapili

Baada ya chakula cha mchana Theresia alimwambia Stanley akae. Flora akataka kutoka, akamwambia na yeye akae. Mimi sikuambiwa lolote, nikabaki mlangoni.

"Mwanangu," akasema, "nimeona kwako. Ni kuzuri. Sitahamia."

Stanley akanitazama mimi. "Ni Mama Mughwai amekuambia?"

"Mimi ndiye ninayeongea. Nitazame mimi."

Kijana mkubwa yule, mwalimu, akamtazama. Akasema goti. Akasema kisima. Akasema watu wa shuleni wanamuuliza mama yako anaishi na nani, anaona aibu kujibu. Theresia alimwacha amalize, hata pale alipofuta macho kwa mkono wa shati. Kisha akasema, "Hapa unanitunza vizuri mno. Mtu anayetunzwa hivi hana kazi nyingine ila kufa. Mimi bado nina kazi."

"Na likizidi, mama?"

"Nitakupigia mwenyewe. Siku nitakayopiga, njoo unichukue, na siku hiyo sitakuja kuona kwanza. Nitakuja kukaa."

Flora alikuwa analia kimyakimya. Aliuliza amekosea wapi. Theresia akamwita akae karibu yake mkekani, akamwambia hajakosea, ila siku mama mkwe wake atakapokuja tena ampe ufagio.

Nikadhani yamekwisha. Akanigeukia mlangoni.

"Na wewe. Mwaka huu alizeti yangu nitapiga mwenyewe, siku nitakayotaka."

Stanley hakuelewa. Mimi nilielewa vizuri sana.

Juni 25, Jumanne

Tumevuka. Theresia alichagua geti, akachagua na viti. Nilikaa nilipoambiwa. Hakuna kilichoharibika.

Juni 27, Alhamisi

Nyumbani. Mbuzi wamekula kona ya lundo langu. La Theresia halijaguswa. Mughwai anasema mbuzi hawana mpango, ni bahati tu. Nimemweleza alivyopaswa kuziba.

Julai 1, Jumatatu

Nimeanza kupiga. Peke yangu. Upepo mzuri sana unapita bure.

Julai 2

Nimejaribu kupepeta. Niliinua ungo juu, makapi yote yakanirudia machoni, na punje zikaenda na vumbi. Mke wa Mughwai alipita akasema, "Mama, nikuitie mtu?" Nikamwambia aende zake. Nimejaribu tena. Nimekusanya vumbi lenye alizeti ndani.

Julai 4, Alhamisi

Namsikia ng'ambo ya mpaka anapiga. Fimbo inaanguka polepole, inapumzika, inaanguka. Hana mkono wa kupiga, hajawahi kuwa nao. Kwa mwendo ule atafika Nane Nane. Mara mbili nilisimama niende. Mara mbili nikakaa. Yeye ndiye aliyesema. Kwa nini niende mimi?

Julai 5

Yeye ndiye aliyesema.

Julai 7, Jumapili

Kanisani alikaa benchi la mbele yangu. Kitenge chake kina doa la samaki mgongoni, sijui limefikaje mgongoni. Siku nyingine ningemwambia hapohapo katikati ya sala. Nilinyamaza mpaka masikio yakawaka moto. Baada ya misa watu waliniuliza Ukerewe kukoje. Nikasema kuna jiwe. Wakauliza, linacheza kweli? Theresia alikuwa amesimama karibu, anafunga kamba ya kiatu.

Nikasema, "Mimi sikulitazama. Muulizeni Theresia, yeye ameliona."

Akamaliza kufunga kamba. Akawaeleza.

Julai 8, Jumatatu

Mchana niliacha fimbo, nikanawa, nikavaa gauni safi, nikaenda kwa Theresia kwa njia ya mbele. Siku zote napita katikati ya mashamba, naingilia jikoni. Leo nilisimama mlangoni nikapiga hodi kama mgeni.

"Karibu," akasema. Hakuinuka, alikuwa ananyoosha goti kwenye kigoda. Pembeni kulikuwa na vichwa vya alizeti ambavyo hata nusu hajavifikia. Nilivitazama. Mdomo ulitaka kufunguka wenyewe juu ya zile fimbo zake, amechagua mti mwepesi mno.

"Kaa," akasema.

Nikakaa. Akanipa uji. Nikanywa wote, ulikuwa na chumvi nyingi, sikusema. Jua likasogea kutoka miguuni kwangu mpaka kwake.

"Theresia."

"Naam."

"Naomba unipepetee alizeti yangu. Mimi nimeshindwa. Na kama utapenda, nikupigie yako."

Aliacha kunyoosha goti. Nafikiri alikuwa anataka kulisikiliza lile neno naomba, maana kutoka kwangu hajawahi kulisikia. Mimi mwenyewe nilishangaa lilivyo jepesi. Ni kulitoa tu ndiko kuzito.

"Lini?" akauliza.

Nikafungua mdomo niseme kesho alfajiri, kabla ya jua. Nikaufunga.

"Utakavyosema wewe."

Akatoka uani akichechemea. Akaokota makapi kiganjani, akayaachia, akayafuata kwa macho mpaka yalipoanguka. Akaokota mengine.

"Kesho upepo utageuka mchana," akasema. "Keshokutwa. Tutaanza na yangu. Na uje umechelewa kidogo, Rebeka, nataka ninywe chai yangu kwa amani."

Nikasema haya.

Nimerudi nyumbani. Kesho siku nzima sina la kufanya ila kungoja, na kungoja sijazoea. Turubai la kupigia alizeti nimeshalikung'uta mara mbili, nimelikunja, nimelikunjua tena. Bado ni jioni.